Mfuko wa ndani unachanika, utepe wa gunia unakatika: tazama kwanza molekuli zimelala vipi

Gunia la kuhifadhia nafaka bila hewa, la aina ya PICS (Purdue Improved Crop Storage), lina mifuko miwili ya ndani ya HDPE (polietilini ya msongamano mkubwa), kila mmoja mikroni 80, na gunia la nje lililofumwa kwa tepe za polipropilini. Mifuko ya ndani inataka molekuli zilizovutwa kwa urefu na kwa upana kwa kiasi kinachokaribiana, isije ikachanika mahindi yanapoisukuma. Tepe za nje zinataka kinyume chake: molekuli karibu zote zilale kwa urefu, kwa sababu utepe hubeba mzigo upande mmoja tu, na kazi ya upana inafanywa na utepe mwingine unaoukingama. Fundi aliyezoea mashine moja akihamishiwa nyingine na mazoea yake, ndipo lawama zinapoanza.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili jinsi zinavyoonekana kiwandani, kisha unarudi nyuma hadi chanzo. "Urefu" humu ni upande filamu inakokwenda mashineni. "Upana" ni upande unaoukingama. Filamu ya kupuliza hutoka kama bomba la plastiki iliyoyeyuka ("uji") kwenye mdomo wa chuma uitwao dai, hujazwa hewa ikawa puto, kisha huganda juu, kwenye mstari wa kuganda. "Uwiano wa kupuliza" ni mara ngapi puto limelizidi dai kwa kipenyo.

Mvuto wa mwisho ndio unaobaki

Minyororo ya polimeri ndani ya uji wa moto imejikunja kama uzi uliotupwa chini. Ukiivuta inanyooka, ukiiachia ingali ya moto inajikunja tena, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Kuvuta na kujikunja vinashindana njia nzima kutoka mdomo wa dai hadi mstari wa kuganda, na kuganda ndiko kunakokata shauri. Kwa hiyo filamu haiweki kumbukumbu ya kila mvuto iliyopitia. Inakumbuka zaidi ule uliotokea jirani na mstari wa kuganda, kwa sababu mivuto ya zamani imeshapata muda wa kusahaulika.

Hapo ndipo hesabu za wengi zinapokosea: wanajumlisha kiasi cha kuvuta bila kuuliza mvuto ulitokea wapi. Filamu mbili zenye unene mmoja, upana mmoja na uwiano mmoja wa kupuliza zinaweza kuchanika tofauti kabisa, kisa moja ilipanuka karibu na dai na nyingine ikapanuka juu, karibu na kuganda.

Katika polietilini kuna jambo la ziada. Minyororo iliyonyooka wakati wa kuganda huwa mbegu ya fuwele, na vibamba vya fuwele huota kutoka ubavuni mwake kama meno ya kitana. Watafiti Keller na Machin walieleza mpangilio huo mwaka 1967: mvuto ukiwa dhaifu vibamba hujisokota vikikua, ukiwa mkali hubaki bapa, vyote vikielekea upande mmoja. HDPE au LLDPE (polietilini ya msongamano mdogo isiyo na matawi marefu) iliyovutwa kupita kiasi kwa urefu hustahimili vizuri kuvutwa upande huo, lakini hupasuka kirahisi kuufuata.

Utepe wa polipropilini una historia nyingine. Unavutwa ukiwa umeshaganda. Fuwele zilizokwisha kuota hubomolewa na kupangwa upya kuwa nyuzinyuzi, na molekuli haziwezi kurudi nyuma mpaka joto liziruhusu. Hapo mstari wa kuganda hauna neno tena. Wenye neno ni joto la oveni na uwiano wa kuvuta.

Vipimo vya kufanya kabla ya kugusa kitasa chochote

Chana kwa mkono kwanza. Kata vipande kumi kutoka sehemu mbalimbali za upana, chanja sentimita moja kwa wembe, chana kwa urefu, kisha kwa upana. Ikiwa mchaniko wa urefu unakwenda moja kwa moja kama muuza duka anavyochana kitenge baada ya kukichanja ukingoni, na wa upana unageuka katikati kufuata urefu, mwelekeo umezidi kwa urefu.

Halafu uliza swali ambalo watu hulipita: je, unachanika popote, au daima mahali palepale? Mwelekeo wa molekuli ni tabia ya filamu nzima. Mchaniko unaorudi kwenye umbali uleule kutoka ukingoni ni mkwaruzo kwenye mdomo wa dai, uchafu ulioganda hapo, au mstari ambapo mikondo miwili ya uji iliungana vibaya ndani ya dai. Dawa yake ni kufungua na kusafisha. Hakuna kiasi cha kubadili kasi kitakachoutibu.

Kipimo cha duara kinafaa zaidi kuliko vyote vya bei nafuu. Chora kwa kalamu ya wino usiofutika duara la milimita 100 kwenye filamu na mshale wa kuonyesha urefu. Tumbukiza kipande kikiwa huru ndani ya mafuta ya silikoni yenye joto linalozidi kidogo la kuyeyuka: takriban nyuzi 125 za Selsiasi kwa LDPE (polietilini ya msongamano mdogo), 140 hadi 145 kwa HDPE. Subiri sekunde 20 hadi 30, kitoe kwa kijiko cha matundu, kipoe kikiwa bapa. Duara sasa limekuwa yai. Limebaki milimita 35 kwa urefu? Filamu imejikunja asilimia 65 upande huo. Likiwa limepanuka kuvuka milimita 100 kwa upana, jua kwamba upande wa upana hauna mwelekeo wowote wa maana. Ukitumia gliserini badala ya silikoni, ipashe polepole: hunyonya unyevu wa hewani na maji hayo huruka yakifika nyuzi 100. Miwani na glavu si mapambo.

Maji yanayochemka hayafai kwa kazi hii. Mwelekeo wa filamu ya kupuliza umefungwa na fuwele, na LDPE huyeyuka karibu nyuzi 110. Jijini Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi ni mbali zaidi. Filamu iliyotoka salama kwenye sufuria ya maji haijathibitisha chochote.

Ukitaka kuona kwa macho, fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta yenye skrini ya LCD, tazama kupitia miwani ya jua yenye lenzi za polaraizi na uizungushe mpaka skrini iwe nyeusi. Weka filamu katikati na uizungushe. Yenye mwelekeo wa upande mmoja huangaza ikifika nyuzi 45 na kufifia kwenye sifuri na 90. Tahadhari: iliyovutwa sawasawa pande zote mbili na isiyovutwa kabisa zote hubaki gizagiza, kwa hiyo usiwatenge hao wawili kwa njia hii.

Tunza sampuli ya zamu iliyotoa bidhaa nzuri, ikiwa na tarehe, joto, kasi, na urefu wa shingo (sehemu nyembamba ya puto juu ya dai). Namba za vitabuni husaidia kuanza, lakini kulinganisha na sampuli yako mwenyewe ndiko kunakomaliza ubishi.

Dalili: mfuko wa HDPE unachanika kwa urefu, au unapasuka ukidondoshwa

Simama mbali utazame umbo la puto kabla ya kusoma kipimo chochote. Puto la LDPE hutanuka mara tu linapotoka kwenye dai. La HDPE ya filamu linatakiwa lifanane na kibuyu kilichosimamishwa kwa shingo: uji unapanda kwa shingo nyembamba, wakati mwingine nyembamba kidogo kuliko dai yenyewe, mpaka urefu wa mara 7 hadi 9 ya kipenyo cha dai, ndipo unatanuka ghafla na kuganda. Shingo ndiyo muda wa kusahau: mvuto wa urefu uliotokea chini hulegea humo. Kisha upanuzi wa ghafla unaweka mwelekeo wa upana, na kuganda kunaufunga kabla haujatoroka. Ukiona HDPE yenye umbo la LDPE, umepata nusu ya jibu.

Nusu ya pili ni hesabu. Uwiano wa kupuliza ni kipenyo cha puto gawanya kwa kipenyo cha dai. Kipenyo cha puto ni upana wa filamu iliyolazwa bapa mara 2 gawanya kwa 3.14. Uwiano wa kuvuta ni mwanya wa dai (upana wa tundu uji unapotokea) gawanya kwa unene wa filamu uliozidishwa na uwiano wa kupuliza.

Chukua mfuko wa upana bapa wa milimita 750 na unene wa mikroni 80. Puto lina kipenyo cha milimita 477. Kwenye dai ya milimita 120 yenye mwanya wa 1.2, uwiano wa kupuliza ni 4.0, na wa kuvuta ni 1.2 ÷ (0.08 × 4.0), yaani 3.75. Pande mbili zinakaribiana. Mfuko uleule ukitolewa kwenye dai ya milimita 200 iliyokuwa ikitumika kwa LDPE, kupuliza kunashuka hadi 2.4 na kuvuta kunapanda hadi 6.3. Hakuna aliyebadilisha punje za plastiki, hakuna aliyebadilisha unene, ila mfuko sasa unachanika kama kuti. Kwa mfuko huu dai ndogo ndiyo sahihi, ingawa wengi huamini kubwa ni bora kwa kuwa inatoa kilo nyingi.

Kwenye dai ya 120, kasi ya mita 12 kwa dakika ni takriban kilo 82 kwa saa. Shingo ya kuanzia iwe milimita 900 hadi 1,000. Ikiwa fupi, fuata utaratibu huu, badiliko moja kwa wakati, ukingoja dakika 10 hadi 15 kabla ya kukata sampuli:

1. Punguza hewa ya ringi inayopoza puto kidogo kidogo mpaka mstari wa kuganda upande. Rekebisha hewa ya ndani ya puto ili upana usibadilike.
2. Mstari ukigoma kupanda, ongeza joto la dai kwa nyuzi 5. HDPE ya filamu kwa kawaida hukaa 200 hadi 220.
3. Puto likianza kuyumba, usikimbilie kurudisha hewa. Kwanza sogeza kishikilia puto cha ndani au kizimba cha nje, na funga mlango unaoingiza upepo. Upande wa puto unaopigwa na upepo huganda mapema, na mwelekeo wake hutofautiana na upande wa pili.
4. Pima kwa kuangusha nyundo ya ISO 7765-1, njia A: kichwa cha nusu duara cha milimita 38, kimo cha mita 0.66. Panda na shingo mpaka uzito unaostahimiliwa uache kuongezeka. Ukizidi hapo unapata puto la kucheza na unene usio sawa, bila faida.

Ukilazimika kubaki na dai ya 200, mnara ukiruhusu, pandisha shingo hadi mita 1.4, na punguza mwanya hadi milimita 1.0 kama shinikizo la skrubu linavumilia. Wengine huchanganya LLDPE asilimia 10 hadi 20, na kweli mchaniko hupungua. Ila kumbuka kazi ya mfuko huu: LLDPE hupitisha oksijeni zaidi kuliko HDPE, na mfuko umewekwa humo kuwanyima wadudu hewa. Kwa mfuko wa kawaida wa kufungashia, sawa. Kwa huu, iwe njia ya mwisho.

Kama umbo na hesabu viko sawa na bado unachanika, kagua punje. HDPE ya filamu yenye molekuli kubwa huandikwa kielelezo cha myeyuko (gramu za plastiki iliyoyeyuka zinazopita tundu dogo kwa dakika 10) cha takriban 8 hadi 11 kikipimwa kwa uzito wa kilo 21.6. HDPE ya kumimina ndoo na makreti nayo inaweza kuandikwa 8, lakini kwa kilo 2.16. Namba ni ileile, plastiki ni mbali kama mbingu na ardhi: ile ya ndoo ina minyororo mifupi, haisimamishi shingo, na fuwele zake hazina nyuzi za kutosha za kuzifunga pamoja. Soma uzito ulioandikwa pembeni ya namba, wala usiridhike na rangi ya mfuko.

Plastiki ya kurudishwa nayo ina makosa mawili. Minyororo imekatikakatika kwa joto, na ndani yake mna chembe ngumu zisizoyeyuka. Chembe hizo hazivutiki. Filamu inayozizunguka ndiyo huvutika maradufu, na mchaniko huanzia hapo. Tazama filamu dhidi ya mwanga: ukihesabu chembe nyingi zenye mkia mrefu kuelekea urefu, badilisha wavu wa kichujio kabla ya kulaumu puto.

Dalili: LLDPE ilikuwa na uso wa mikwaruzo, ukatanuliwa mwanya, sasa inachanika

Huu ni mtego wa kawaida kiasi kwamba unastahili kusemwa peke yake. LLDPE ikipita mwanya mwembamba kwa kasi hutoka na uso kama ngozi ya papa. Fundi anatanua mwanya kutoka milimita 1.0 hadi 2.5, uso unakuwa laini, kila mtu anafurahi. Lakini kwa filamu ya mikroni 40 na kupuliza kwa 2.0, uwiano wa kuvuta umetoka 12.5 hadi 31. Urembo umenunuliwa kwa nguvu ya upana.

Rudi kwenye mwanya wa 1.5 hadi 1.8, pandisha kupuliza hadi 2.5, na tumia kisaidizi cha uchakataji kinachopaka dai utelezi. Mpe nusu saa hadi saa nzima afanye kazi, kwa sababu lazima apake chuma kwanza. Wanaoongeza dozi kila dakika kumi huishia na filamu isiyokubali wino.

Dalili: filamu ya kufungia chupa haishiki pembeni

Filamu ya LDPE ya kufungia kreti za maji lazima ijikunje, kwa hiyo hapa mwelekeo ndio unaouzwa. Kwa urefu inatakiwa asilimia 60 hadi 75, na kwa upana angalau 20. Malalamiko ya kawaida ni kwamba imekaza juu na chini lakini yale matundu mawili ya pembeni yamebaki wazi na kulegea. Maana yake upana haujapata mwelekeo.

Pandisha kupuliza hadi 3.0 au 3.5 na shusha mstari wa kuganda kwa kuongeza hewa baridi. Kushusha mstari kunasaidia kwa sababu ya muda. Chukua filamu inayotoka kwa mita 30 kwa dakika na uwiano wa kuvuta wa 12: mstari ukiwa milimita 400 juu ya dai, uji una sekunde 2.2 hivi za kulegea. Ukiwa 250, zimebaki 1.4.

Punje nazo: kielelezo cha 0.3 hadi 0.8 kwa kilo 2.16. LDPE ya 2 ni ya mifuko myembamba, husahau haraka mno. LLDPE ikizidi kwenye mchanganyiko huleta kasoro hiyohiyo. Filamu ikitoboka ndani ya handaki la joto, pima unene kuzunguka upana wote kabla ya kupunguza joto. Mara nyingi ni mstari mwembamba uliojikunja na kuungua kabla ya jirani zake.

Dalili: roli linajikaza usiku, au chapa inatoka kwenye alama zake

Filamu iliyozungushwa ikiwa na joto inaendelea kuota fuwele na kulegea ikiwa kwenye roli, na kupungua kwa urefu huko hubana bomba la karatasi mpaka liingie ndani. Pima joto la filamu kwenye roli za kubana: likizidi 40, punguza kasi au ongeza baridi kwenye mnara, kisha punguza mvuto wa kuzungushia. Acha roli saa 24 hadi 48 kabla ya kuchapa. Filamu ya tabaka kadhaa inayojikunja ukingo kama jani lililokauka huwa na tabaka moja lililopungua kuliko jingine. Sawazisha unene wa tabaka za nje mbili kabla ya kutafuta uchawi.

Tepe za polipropilini: hapa mwelekeo wa upande mmoja ni mali

Mstari wa kawaida ni dai bapa, tangi la maji, visu vya kukatia tepe, oveni ya hewa moto au bamba la moto, roli za kuvuta, roli za kulegeza, na bobini. Punje ziwe za kielelezo 3 hadi 4 kwa nyuzi 230 na kilo 2.16. Uwiano wa kuvuta kwa tepe za kufuma ni 5 hadi 6.5.

Ukivuta kwa 6, upana na unene kila kimoja hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 6, yaani 2.45. Ili upate utepe wa milimita 2.5 na mikroni 35, kata milimita 6.1 kutoka filamu ya mikroni 86. Deniari, ambayo ni gramu za mita 9,000, hupatikana kwa kuzidisha upana kwa unene kwa 8.19: 2.5 × 35 × 8.19 inatoa kama 717. Pima kwenye mizani uone kama zinalingana. Uzito ukiwa pungufu sana ya hesabu wakati vipimo viko sawa, utepe una vishimo ndani.

*Tepe zinakatika ndani ya oveni.* Swali ni lilelile: moja, au zote? Utepe mmoja unaokatika kila mara ni kisu butu au chenye pengo. Ukingo wenye jino dogo ndio mwanzo wa mkato. Tepe nyingi zikikatika ovyo, nenda kwenye maji. Maji ya tangi yakiwa moto, polipropilini hupoa taratibu na kuota fuwele kubwa zilizokomaa ambazo hazipendi kuvutwa. Filamu huonekana ya ukungu badala ya angavu. Weka maji nyuzi 25 hadi 40, na umbali wa mdomo wa dai hadi usoni mwa maji milimita 20 hadi 40. Baadaye kagua mipira ya kufyonza maji. Tone lililopita na filamu hadi kwenye oveni huacha doa la baridi; pale utepe hauvutiki, jirani yake anavutwa mara mbili, anakatika.

Unyevu kwenye kalsiamu kaboneti ya kuchanganyia huleta mkato wa namna hiyo pia, ila filamu yenyewe itaonyesha mapovu marefu kabla ya kufika visuni.

*Utepe una mabaka mazito yanayong'aa.* Haujavutwa wote. Polipropilini haivutiki sawasawa tangu mwanzo: hufanya shingo mahali pamoja, kisha shingo hiyo husambaa. Uwiano ukiwa chini ya takriban 4, au oveni ikiwa baridi kwa kasi uliyoweka, mabonge hubaki. Ongeza joto kwa nyuzi 5 kabla ya kuongeza uwiano.

*Utepe umekuwa mweupe wa fedha na unachanika vinyuzinyuzi kwenye mashine ya kufumia.* Umevutwa kupita kiasi, au umevutwa baridi. Weupe huo ni vishimo vidogo kati ya nyuzinyuzi zilizoachana. Kushikana kwa upana kumeisha. Ukiukunja na kuusugua kwa vidole unapasuka kama ukindu unavyochanwa na mfuma mikeka. Shusha uwiano kutoka 7 hadi 6 au 5.5, pandisha oveni, na hakikisha mchanganyiko una kalsiamu kaboneti asilimia 3 hadi 6. Chembe zake huzuia mpasuko kukimbia mbali. LDPE kidogo, asilimia 2 hadi 4, husaidia pia, kwa gharama ya nguvu kiasi. Kwa watengeneza kamba kasoro hii ni bidhaa: tepe zilizopasuliwa kwa makusudi ndizo kamba za kufungia marobota ya nyasi, zilizoinyang'anya katani ya Tanga soko lake kubwa.

*Utepe ni dhaifu lakini unarefuka sana.* Kama nguvu iko chini ya gramu 4 kwa deniari na urefukaji umezidi asilimia 35, wakati uwiano umeandikwa 6, basi oveni ni moto mno. Utepe umevutika, lakini minyororo imeteleza bila kunyooka, kama asali inavyovutika. Vipimo vya upana na unene vitaonekana sahihi kabisa, ndiyo maana kosa hili hudumu siku nyingi. Shusha joto kwa hatua za nyuzi 5 hadi urefukaji urudi kati ya 15 na 25. Kama haurudi, polipropilini ya kurudishwa imezidi.

*Bobini zinapondeka, au gunia linapungua upana likipakwa plastiki.* Utepe umetoka na mkazo ambao haujalegezwa. Roli za kulegeza ziwe nyuzi 120 hadi 135, na jozi ya mwisho izunguke polepole kuliko ya kwanza kwa asilimia 3 hadi 6. Roli za moto bila tofauti ya kasi hazifanyi kazi hiyo: utepe umeshikwa pande zote mbili, utarudi wapi? Pima kwa kuweka mita moja ya utepe huru kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa dakika 5, ukilinganisha na sampuli nzuri uliyotunza. Kitambaa kisicholegezwa hupungua kikikutana na polipropilini ya moto ya kupakia, na gunia lililopimwa vizuri kwenye mashine ya kufumia linatoka jembamba.

*Gunia linafumuka chini, kwenye mshono, wakati tepe zenyewe zimepita vipimo vyote.* Sindano inapotoboa utepe wenye mwelekeo mkali, tundu halibaki tundu. Linakimbia kwa urefu wa utepe. Mishono iliyokaribiana sana huunganisha mipasuko hiyo kuwa mstari mmoja. Kunja kitako mara mbili kabla ya kushona, acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kati ya tundu na tundu, na badilisha sindano yenye ncha iliyovunjika kabla ya kwenda kubadilisha uwiano wa kuvuta kwenye mashine ambayo haina kosa.